Nyama ya baba, mchuzi wa mtoto

Hotuba hii ilitolewa Moshi mbele ya wazazi, wazee na vijana wa mazoezi, katika ukumbi ulio jirani na soko la Mbuyuni. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, akina baba, vijana, habari za mchana?

Kabla ya yote naomba mtazame sufuria ile pale mbele. Ule ni uji wa dona: gramu 100 za unga kwa nusu lita ya maji. Umekaza, mwiko unakaribia kusimama wenyewe. Mama anayeushughulikia ameuepua na kuuacha upoe mpaka kidole kiweze kuuvumilia. Sasa anatia vijiko viwili vya chai vya unga wa kimea cha ulezi, kimea kilekile cha mbege, na anakoroga. Mwacheni aendelee na kazi. Tutairudia sufuria hiyo.

Leo tunazungumza juu ya protini. Siku hizi neno hili halikauki midomoni. Kwenye jimu, Moshi hata Arusha, kijana ananyanyua vyuma huku akihesabu gramu. Harusini mtu anapima heshima aliyopewa kwa ukubwa wa finyango. Dukani, biskuti imeandikwa protini, unga wa uji umeandikwa protini, na makopo ya poda yamepangwa rafu ya juu kama dawa ya kila kitu. Sawa. Protini ni jambo kubwa kweli. Misuli, ngozi, damu, kinga ya mwili, vyote vinajengwa kwa asidi amino 20, yaani vipande vidogo vinavyounda protini, na 9 kati ya hizo mwili hauwezi kuzitengeneza, lazima ziingie kwa mdomo. Hilo halina ubishi.

Lakini ndugu zangu, tunauliza swali la ni gramu ngapi, na tunaliacha swali la ni nani. Ni nani katika nyumba hii anayezikosa? Nyama ikiiva, inapakuliwa kwenye sahani ya nani? Na anayebaki na mchuzi ni nani?

Tuanze na huo mchuzi, kwa sababu una historia ndefu.

Neno protini lilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1838 na mkemia Mholanzi, Gerardus Mulder. Alipewa na mwenzake wa Sweden, Jöns Jacob Berzelius, kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya kitu cha kwanza, cha mbele ya vyote. Tazameni: sifa ilikuja pamoja na jina. Muda si mrefu mkemia mkubwa wa Ujerumani, Justus von Liebig, akafundisha kwamba protini ndiyo kuni inayochomwa na misuli inapofanya kazi. Kisha jina lake likawekwa kwenye biashara. Kampuni iliyoanzishwa mwaka 1865 ikachemsha nyama ya ng'ombe huko Fray Bentos, Uruguay, ikaikausha supu yake mpaka ikawa uji mweusi mzito, na kuiuza Ulaya kama nguvu ya nyama ndani ya chupa. Zaidi ya kilo 30 za nyama zilitoa kilo 1 tu ya kitu hicho. Na ndani yake mlikuwa na nini? Ladha na chumvichumvi za nyama. Protini yenyewe ilibaki kwenye nyama iliyochujwa.

Sasa nawauliza akina mama, na akina baba wasikilize: tunapomwambia mtoto wa mwaka mmoja na nusu, "Wewe bado mdogo, kunywa mchuzi, nguvu yote iko humo," tunampa nini? Tunampa ladha. Nguvu ya kujenga mwili imebaki kwenye finyango, na finyango imekwenda kwa baba. Mtoto hana meno ya kutosha? Nyama ya gramu 30, yaani kipande cha ukubwa wa kiberiti, ichemshe mpaka ilainike, itwange kwenye kinu au ikwangue kwa kisu, uichanganye na ndizi iliyopondwa. Ini la kuku linapondeka kwa uma. Mtori uliopondwa pamoja na nyama yake, badala ya nyama kutolewa na kuwekwa pembeni kwa wakubwa, ni chakula cha mtoto kabisa.

Na hapo niseme neno juu ya supu ya makongoro, maana najua wapenzi wake wamo humu. Ile supu inayoganda ikipoa imejaa jelatini. Jelatini ni protini, lakini imekosa kabisa asidi amino moja ya lazima, triptofani. Jambo hili Wafaransa walilikuta zamani: kamati ya wanasayansi chini ya François Magendie ilitoa ripoti mwaka 1841 kwamba mbwa waliolishwa jelatini peke yake walidhoofika na kufa. Kunywa supu yako kwa raha zako. Ila usiihesabu kama nyama.

Na ile hoja ya Liebig kwamba misuli inachoma protini? Iliangushwa mlimani, na watu wa Moshi mlitakiwa kuwa wa kwanza kuielewa. Mwezi wa Agosti 1865 wanasayansi wawili, Adolf Fick na Johannes Wislicenus, waliupanda mlima Faulhorn huko Uswisi, mita 1,956 kutoka walipoanzia. Tangu mchana wa siku ya kabla yake hawakula protini: walikula maandazi ya wanga yaliyokaangwa kwa mafuta, na chai ya sukari. Wakakusanya mkojo wao wote, kwa sababu protini ikiungua mwilini, naitrojeni yake hutoka kwa njia hiyo. Hesabu ilipofanywa, protini iliyoungua haikufikia nguvu ya kuinua miili yao tu mpaka kileleni. Vilivyobaki vilikuwa wanga na mafuta, na ndivyo vilivyowapandisha.

Sasa mtazameni mpagazi wetu anayebeba mzigo wa kilo 20 mpaka Horombo, kambi ya Mlima Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Anatembelea nini? Ugali na uji. Kijana wa mazoezi anayeacha ugali, akala mayai matupu na kuku, mwili wake unaichoma ile protini ya gharama kama kuni. Amenunua mbao za mninga akazitia jikoni.

Nakuja kwa mtoto, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1933 daktari aliyezaliwa Jamaika, Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika juu ya watoto wa mwaka mmoja hadi minne waliovimba miguu, ngozi ikibambuka, nywele zikibadilika rangi. Mwaka 1935 akautaja ugonjwa huo kwa jina ambalo akina mama wa kabila la Ga wenyewe walilitumia: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto aliyepokonywa nafasi yake mwingine anapozaliwa. Sisi tunauita unyafuzi. Watoto wale walikuwa wameachishwa ziwa na kupewa uji wa mahindi mtupu. Williams akahisi kwamba tatizo liko kwenye protini.

Kutoka hapo dunia ikakimbia. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yakatangaza kwamba kuna pengo la protini duniani. Ikatengenezwa poda ya samaki, ikajaribiwa protini ya vijidudu vinavyokuzwa kwa mafuta ya petroli. Miaka zaidi ya 20 ilipita hivyo. Mwaka 1974 daktari Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet kwamba yote hayo yalikuwa fedheha kubwa ya protini. Watoto wengi walikuwa wanakosa chakula chenyewe: tumbo halijai nguvu ya kutosha, na kiasi kidogo cha protini kinachoingia kinachomwa. Na hata leo unyafuzi haujaeleweka wote. Utafiti wa Malawi uliochapishwa mwaka 2013 ulifuatilia mapacha wanaokula chungu kimoja, mmoja akaugua na mwenzake hakuugua, na bakteria wa tumboni walionekana kuhusika.

Kwa nini nawaeleza haya? Kwa sababu ya hatari moja iliyopo majumbani. Mtoto akivimba miguu, jirani anasema, "Huyo kakosa protini, mjaze mayai na nyama." Msifanye hivyo! Bonyeza kwa dole gumba juu ya miguu yote miwili, sekunde tatu, achia. Shimo likibaki kwenye miguu yote miwili, huyo ni wa kwenda kituo cha afya leo hii, asingoje kesho. Pale ataanzishiwa maziwa maalumu yanayoitwa F-75, yenye protini chini ya gramu 1 katika mililita 100. Ndiyo, chini ya gramu 1! Ini lake katika siku hizo za mwanzo haliwezi kubeba zaidi, na kumlazimisha kunaweza kumuua. Akitulia na hamu ya kula ikirudi, ndipo anahamishiwa F-100, yenye karibu mara tatu ya hiyo.

Lakini tunataka mtoto asifike huko. Basi turudi kwenye uji.

Mtoto wa kilo 8, tumbo lake linabeba kama mililita 240 kwa mlo, kikombe kimoja. Uji wa kawaida, mwepesi wa kunyweka, una unga gramu 40 au 50 kwa nusu lita. Sehemu kubwa ya kikombe chake ni maji. Ukiuongeza unga unakuwa mzito, anautema. Ndipo mama anaambiwa anunue unga wa lishe wenye protini nyingi, mchanganyiko wa vitu kumi, na bado anaukoroga mwepesi! Protini imeandikwa kwenye mfuko, maji yako kwenye kikombe.

Kimea ndicho kinachofungua fundo hilo, na watafiti wa Tanzania walikwishalishughulikia tangu miaka ya 1980. Chagua ulezi, uoshe, uloweke usiku kucha. Mwaga maji, utandaze kwenye ungo au gunia safi, ufunike kwa kitambaa chenye unyevu, unyunyizie maji asubuhi na jioni. Siku ya pili au ya tatu umechipua. Anika juani mpaka ukauke kabisa, usugue ili vichipukizi vidondoke, upepete, usage. Ukiona ukungu au ukinusa harufu ya uvundo, mwaga wote. Ndani ya kimea mna kimeng'enya kinachokata wanga, na wanga uliokatwa hauvimbi. Kwa hiyo uji mzito unakuwa mwepesi bila kuongezwa tone la maji. Wengi hukosea hapa: wanatia kimea kwenye uji unaochemka, joto linakiua kimeng'enya, halafu wanasema kimea hakifanyi kazi. Upoe kwanza, kidole kivumilie. Tia, koroga, subiri kama dakika kumi, kisha rudisha jikoni uchemke tena, maana kimea kilichipulia kwenye unyevu na vijidudu vipo.

Na ule unga wa lishe? Tuuweke rahisi. Vikombe 4 vya nafaka moja au mbili, kikombe 1 cha karanga au soya. Soya isisagwe mbichi, kwa sababu ina kitu kinachozuia protini isimeng'enywe tumboni: mtoto anakula protini na kuitoa chooni, tena anaharisha. Ichemshe dakika 30, imenye maganda, ianike, ikaange, ndipo usage. Karanga zichambue moja moja kwenye ungo. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, tupa, wala usimpe kuku. Sumukuvu haifi kwa kuchemshwa. Mwaka 2016, mikoa ya kati na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu ya mahindi na 20 wakafariki. Ni heri uji wa ulezi na maziwa kuliko unga wa vitu kumi usiojua vilitoka wapi. Yai moja kwa siku kwa mtoto aliyetimiza miezi sita na kuendelea ni jambo jema sana, na vyakula vya wanyama vinampa pia madini ya chuma, zinki na vitamini B12 ambavyo uji hautoi vya kutosha.

Sasa wakubwa. Tunahitaji kiasi gani?

Kiwango kilichowekwa na mashirika ya afya na chakula ya Umoja wa Mataifa mwaka 2007 kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 70 anahitaji gramu 58. Ni nyingi? Tuhesabu siku ya kawaida ya hapa kwetu. Asubuhi glasi ya maziwa, gramu 8, na vipande vitatu vya mkate, gramu 8. Mchana makande ya mahindi makavu gramu 150 na maharage makavu gramu 80: gramu 30 hizo. Jioni ugali wa unga gramu 200, gramu 15, na dagaa wakavu gramu 20, ambao peke yao wanatoa gramu 12. Jumla ni 73. Protini ya mimea haimeng'enywi yote, basi iliyotoka shambani tuikate moja ya tano. Bado unabaki na 62. Na hapo hatujaweka hata kipande cha nyama.

Mniruhusu niyatetee makande, maana vijana wanayaona chakula cha shule. Protini ya mahindi ina upungufu wa asidi amino iitwayo laisini. Maharage yana laisini tele, ila methionini yao ni haba, na mahindi yanayo. Kidole kimoja hakivunji chawa. Huko Guatemala watafiti wa INCAP, taasisi ya lishe ya Amerika ya Kati, walipima mchanganyiko huo na kukuta unafaa zaidi ukikaribia sehemu 7 za mahindi kwa sehemu 3 za maharage kwa uzito. Watu wa Upareni na Uchagani, sufuria zenu haziko mbali na hapo. Kinachoharibika ni maharage yanapopungua bei ikipanda, makande yakabaki mahindi yenye madoa. Maharage yaloweke saa 8 hadi 12, mwaga yale maji, na yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla hujapunguza moto. Maharage mekundu yaliyoachwa kwenye moto mdogo tangu mwanzo yana sumu inayotapisha. Kamulia limau mezani, na chai isubiri saa moja, kwa sababu chai inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Vijana wa jimu, sijawasahau. Mnataka misuli, na ni haki yenu. Anayefanya mazoezi ya vyuma anafaidika na protini mpaka karibu gramu 1.6 kwa kilo, na juu ya hapo faida haionekani. Kijana wa kilo 65 ni gramu 104. Chukua ile siku ya gramu 73, ongeza mayai mawili, glasi mbili za maziwa na konzi ya karanga. Umefika 108.

Ile poda ni nini hasa? Mnajua yale maji yanayojitenga juu ya mtindi? Ndiyo hayo. Viwanda vya jibini vinabaki na maji hayo, vinayachuja na kuyakausha. Kijiko chake cha kupimia kina protini kama gramu 24: sawa na mayai 4, au glasi 3 za maziwa, au dagaa wakavu gramu 40. Ni chakula, haina uchawi. Hofu yangu iko kwenye ile namba ya kwenye kopo. Mwaka 1883 Johan Kjeldahl, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alibuni kipimo cha naitrojeni. Naitrojeni inayopatikana inazidishwa kwa 6.25, na jibu linaitwa protini. Kipimo hakiulizi naitrojeni imetoka wapi. Mwaka 2008 nchini China wafanyabiashara walitia maji kwenye maziwa, kisha wakatia melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki ambayo theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni. Kipimo kikasema protini ipo. Watoto wachanga karibu 300,000 waliugua, mawe yakajaa kwenye figo, na sita walikufa. Basi poda iliyofunguliwa na kufungashwa upya kwenye mfuko usio na lebo, msinunue. Tafuteni alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, someni viungo, na mkiona glaisini au taurini zimeongezwa, jueni kwamba namba imepandishwa kwa vitu vya bei rahisi. Mwenye kisukari au presha apime figo kwanza kabla ya kupandisha protini, kwa sababu figo iliyokwisha kuumia haistahimili mzigo huo. Na mwenye gauti aache maini, utumbo na nyama nyekundu nyingi, hasa vikifuatana na bia.

Nimewaweka wazee mwishoni, na wao ndio wanaosahaulika zaidi. Mwili wa mtu aliyevuka miaka 65 hauitumii protini vizuri kama zamani. Wataalamu wanapendekeza gramu 1 hadi 1.2 kwa kilo. Bibi wa kilo 55 anahitaji gramu 55 hadi 66, zaidi ya mjukuu wake wa uzito uleule. Anapewa nini? Chai na mkate asubuhi, ndizi kidogo mchana, chai tena jioni. Nyama anairudisha kwa sababu meno hayapo. Mapaja yanasinyaa, siku moja anateleza uani, nyonga inavunjika. Mpeni maziwa mgando kila mlo. Dagaa wakaangwe bila mafuta, wasagwe, kijiko kikubwa kimwagwe juu ya ndizi zake. Maharage ya kiburu, yale yanayopikwa pamoja na ndizi, yapondwe. Na akae kwenye kiti, ainuke bila kushika kitu, arudie mara kumi, asubuhi na jioni, mtu akiwa karibu naye. Bila hiyo kazi ya miguu, chakula peke yake hakirudishi paja.

Mama, sufuria inasemaje? Nyanyua mwiko tuone. Mnaona? Unatiririka kama maziwa, na hakuna aliyeongeza maji. Unga ni uleule gramu 100. Tuinjike tena uchemke dakika tano, halafu vikombe vipite. Watoto na wazee kwanza. Akina baba tutasubiri.